Kondoo hawaponi kwa molasesi peke yake

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu saileji ya kondoo, yaani majani yaliyovundikwa bila hewa ili yaliwe kiangazi, maana huku kwetu Nzega kila ukiingia duka la pembejeo unaambiwa chukua kiongezeo hiki uchanganye kwenye majani, kondoo watanenepa, watu wananunua kweli halafu kiangazi kikikaza wanafungua mfuko wanakuta uozo mtupu.

Sikatai viongezeo, vinasaidia sana vikiwekwa panapotakiwa. Saileji inatunzwa na asidi, na hiyo asidi wanaitengeneza bakteria wanaokula sukari ya majani mahali pasipo na hewa. Sasa majani ya tembo sukari yake ni ndogo, hapo molasesi (ule uji mzito mtamu unaobaki kiwanda kikitengeneza sukari) inatakiwa, kilo 3 mpaka 5 kwa kilo 100 za majani, unaizimua na maji unanyunyizia kila tabaka. Lakini mahindi yaliyokatwa punje zikianza kukaza yanajitosheleza kwa sukari, kwanini mfugaji auziwe molasesi ya kuweka huko wakati hela ya chanjo hana? Na zile pakiti za bakteria wa kutengeneza asidi zinazouzwa dukani, wale ni viumbe hai jamani, pakiti imekaa dirishani jua linaipiga kutwa nzima unategemea kuna kitu humo?

Urea, ile mbolea ya chumvichumvi, nayo inaongeza protini kwenye saileji ya mahindi, nusu kilo kwa kilo 100, ila ichanganyike sawasawa maana kondoo akila donge anakufa. Kwenye majani mabichi yenye maji mengi usiweke kabisa, inapingana na asidi.

Ila hakuna kiongezeo cha kutoa hewa. Hewa inatoka kwa kukata majani vipande vya sentimita 2 au 3, kuyanyausha kwanza (ukikamata konzi ukaminya maji yakachuruzika, bado), kushindilia kwa nguvu na kufunga nailoni panya wasiitoboe. Hapa ndipo tunapofeli na hakuna anayetuambia!

Na kwa kondoo ni hatari zaidi kuliko ng'ombe. Saileji iliyoingia hewa au iliyochanganyika na udongo inakuza bakteria wa listeria, kondoo akiila, baada ya wiki kadhaa unamkuta kichwa kimelala upande mmoja, sikio limelegea, mate yanamtoka, anazunguka duara palepale mpaka anaanguka, na wenye mimba wanatupa. Inauma sana kumwona mnyama vile. Kwahiyo palipoota ukungu tupa, usijidanganye kwamba ukimwagia molasesi watakula, watakula ndio lakini ugonjwa upo mlemle.

Ombi langu kwa maafisa mifugo wa kata zote za Tabora, njooni mwezi wa tatu na wa nne majani yakiwa bado mabichi mtufundishe kushindilia kwa vitendo, msisubiri Septemba majani yameshaisha ndio mnaitisha semina. Na wenye maduka, mteja akija kununua kiongezeo muulizeni kwanza anavundika majani gani.

Mfugaji wa kondoo,
Nzega, Tabora