Kimya cha mitingi si kukubali

Mhariri, salaam. Mimi ni mpishi kwa hoteli moja hapa Malindi, huu mwaka wa 11, na kuna jambo linaniuma. Wiki iliyopita meneja alituita stafu wote akasema shifti sasa zitakatwa mara mbili, uingie saa kumi na mbili asubuhi utoke saa tano, halafu urudi jioni mpaka saa nne usiku. Akauliza nani ana swali, kimya. Kuna kijana wa jikoni anatoka Gede, yeye alikuwa anakunja epron yake anakunjua, anakunja anakunjua, basi, tukatoka meneja anajua tumekubali.

Stejini ndio akafunguka, nauli ya matatu mara nne kwa siku, mshahara utabaki nini? Nikamuuliza sasa mbona hukusema kule ndani. "Kaka, mimi nina miezi mitano hapa na chai bado nakunywa getini na soja, nitaanzaje kumpinga meneja?" Iliniingia manake ni kweli, ile chupa ya chai ya jikoni tunaizunguka sisi wa zamani peke yetu na hatujawahi kumwita.

Kuna mtafiti Mmarekani, Jeffrey Kassing, tangu 1997 ameandika kuwa mfanyakazi asipokubaliana na jambo ataangalia ni wapi salama kulisema. Anayejiona ni wa pale humwendea bosi, asiyejiona hivyo huyamwaga kwa wenzake ama huyabeba mpaka nyumbani kwa mkewe. Mimi kesho yake nilimwendea meneja bila woga kwa sababu tumezoeana, hata watoto wangu anawajua, akanisikiza vizuri tu halafu akasema, "Mbona hakuna aliyesema?"

Sheria iko, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 46 inakataza mtu kufutwa kwa sababu amelalamika, labda malalamiko yawe hayana msingi wowote. Lakini kijana anayekunywa chai getini hiyo sheria ataishika na mkono gani?

Mameneja, tafadhali waulizeni watu mmoja mmoja, hasa hawa wageni, kabla ratiba haijabandikwa ukutani. Na sisi wa jikoni tusogee kwenye benchi wenzetu wakae. Ratiba mpya inaanza Jumatatu na ya kijana wa Gede bado haijabadilishwa.

Mpishi, Malindi