Utabiri wa siku kumi ufike kwenye vituo vya maziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme jambo linalotugusa wafugaji wadogo wa Tanga, sisi wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa bandani, kuanzia Pongwe na Muheza hadi Mkinga na Korogwe. Kila mwaka masika yakikaribia, redio hutangaza utabiri wa msimu. Mkulima huelezwa apande lini na achague mbegu gani. Mfugaji anasubiri zamu yake mpaka taarifa inakwisha. Sisemi kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa imetusahau. Taarifa yao ya msimu ina sehemu ya mifugo, na ukiisoma yote utaikuta. Lakini mpaka ifike kijijini, kilichobaki ni habari ya mahindi.

Tena ushauri wenyewe huwafaa zaidi wenye makundi. Mwenye ng'ombe wengi kule Kilindi au Handeni, jua likizidi huwaswaga kufuata maji na malisho. Ng'ombe wa bandani haendi popote. Chakula ndicho kinachomfuata, kichwani kwa mama au nyuma ya baiskeli. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anataka majani mabichi yapata kilo 40 kwa siku, na maji ya kutosha juu yake. Wawili ni kilo 80, kila siku ya Mungu, hata Idi.

Kinachotuumiza si uchache wa mvua peke yake. Ni mvua inayoanza kisha ikakatika. Inanyesha kwa nguvu mwanzoni mwa Machi, watu wanachimba mashimo, wanatia samadi, wanachomeka pingili za mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Halafu jua la kaskazi linarudi na kukaa wiki kadhaa, na pingili ambazo ndio kwanza zinachipua zinakauka zote. Mabingobingo ya zamani yenye mizizi mirefu hustahimili, lakini hukomaa kabla ya kurefuka, shina likawa gumu kama ufito, ng'ombe akala majani na kuacha mashina. Maziwa hushuka ndani ya siku chache. Na wenye ng'ombe wanajua kwamba aliyeshuka hivyo baada ya kuzaa harudi kirahisi kwenye kiwango chake, hata majani yakipatikana tena. Hasara ya wiki tatu za jua inabebwa mpaka azae tena.

Kisha mvua inarudi kwa kishindo, na walioanza kufuga juzi hufurahi mapema mno. Majani machanga yaliyochipua baada ya ukame yana maji mengi na nyuzinyuzi kidogo. Ng'ombe mwenye njaa akishushiwa mzigo mzima asubuhi, ataharisha, au tumbo litamvimba upande wa kushoto, na kuvimba huko kunaweza kumuua kwa saa chache. Majani hayo yanatakiwa yakatwe, yaachwe yanyauke, yachanganywe na makavu. Wataalamu wa mambo haya tunao hapahapa Tanga, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI na kwenye chuo cha mifugo cha Buhuri. Elimu ipo, haisemwi tu ile wiki inapohitajika.

Kupe nao hawasubiri kalenda. Kupe anayeeneza ndigana kali, ugonjwa wa homa unaoua ng'ombe, huamka na unyevu, na unyevu siku hizi unaweza kuja Januari wakati mtu amejipangia kuanza kuogesha Machi. Wengi hudhani ng'ombe wa bandani yuko salama, kumbe kupe wanaletwa ndani na majani yaliyokatwa kando ya njia wanamopita ng'ombe wa kuchunga. Tezi za chini ya sikio zikivimba na homa ikapanda, usipowahi dawa, mtamba uliyemlea miaka miwili anakufa. Ongeza pumba zinazoota ukungu stoo, na sumukuvu yake hupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto anayeyanywa. Ongeza barabara za tope, bodaboda wa maziwa amekwama na joto linapanda.

Mtu atauliza kwa nini Mamlaka isitutajie tarehe tukajipanga. Ukweli ni kwamba masika ni magumu kuyatabiri kuliko vuli. Vuli huenda na joto la bahari: El Niño, yaani bahari ya Pasifiki inapopata joto kuliko kawaida, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, mambo yanayoonekana miezi kadhaa kabla. Masika hayana ishara kubwa ya namna hiyo. Kimbunga kimoja kikizuka upande wa Msumbiji kinaweza kuvuta unyevu kusini na kutuacha wakavu. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira mwezi Machi, Kenneth kikafuata Aprili, na masika ya ukanda wetu yakachelewa. Mwaka huohuo vuli ikaja na mafuriko. Vuli ya 2021 ikakauka mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mwishoni mwa 2023 ikawa El Niño, na Mei 2024 tulikuwa tunatahadharishwa juu ya kimbunga Hidaya. Kwa mwendo huu, utabiri wa miezi mitatu hauwezi kumwambia mtu mwenye ng'ombe wawili afanye nini Jumatatu.

Lakini Mamlaka hutoa pia utabiri wa siku kumi, na huo ndio wa mfugaji. Wazee wa pwani walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, wakajua lini walime na lini chombo kitweke. Siku kumi zinatosha kukata majani kabla hayajakomaa, kuahirisha kupanda pingili, kununua dawa ya kupe, kuinua magunia ya pumba yasikae sakafuni.

Ombi langu ni hili. Kila asubuhi wafugaji wa maziwa, au watoto wao, hupita mahali pamoja: kituo cha kukusanyia maziwa. Tanga tumejaliwa vyama vya ushirika vya wafugaji wa maziwa kwa miaka mingi, na vituo vipo hadi vijijini. Pawekwe ubao pale. Kila baada ya siku kumi afisa mifugo wa kata aandike mistari mitatu: mvua inatarajiwa au la, majani yafanyweje, kupe na chanjo vipi. "Msipande pingili bado." "Majani machanga yanyaushwe kwanza." Maneno mafupi hivyo, yanayosomeka huku mtu ameshika kidumu. Najua afisa mmoja ana vijiji vingi, na wengine hawana hata usafiri, ndiyo maana nasema kituo; hahitaji kupita nyumba kwa nyumba.

Chanjo nazo zipangwe kwa jicho hilohilo. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa 2025 imetupa moyo sana. Naomba ratiba za kata zitangulie mvua, magari yakiwa bado yanapita. Kwa homa ya bonde la ufa, iliyoua watu na mifugo nchini 2007 baada ya mvua kubwa, chanjo lazima itangulie mbu. Ugonjwa ukishaingia, kuchanja huku na kule kwa sindano ileile kunaweza kuusambaza.

Jambo la mwisho ni akiba ya malisho. Mei majani huzidi, mengi yakakomaa shambani bila kuliwa. Yakikatwa vipande vya sentimita mbili tatu, yakashindiliwa kwenye mifuko ya nailoni pamoja na molasi bila kuacha hewa, yanakuwa saileji ya kulishia Januari na Februari. Kwa panga kazi hiyo haiishi, na kwetu wanaoifanya zaidi ni akina mama. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wafugaji vikiomba mashine ya kukatia majani, maombi yashughulikiwe mapema, mashine iwepo kabla ya Mei. Ubao tutautengeneza wenyewe. Halmashauri imwagize tu afisa mifugo auandikie.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Pongwe, Tanga