Kopo la maabara si dawa ya pumu

Mhariri,

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, kitengo cha famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtaani kwetu Mbagala wananiita "Daktari", nami nimewaacha waniite hivyo kwa uvivu tu wa kueleza. Nikiulizwa nafanya kazi gani, nilizoea kujibu, "Nashughulika na madawa." Jibu hilo limenitokea puani, ndiyo maana naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, jioni, alikuja mama mmoja tunayepakana naye ukuta. Aliongozana na mjukuu wake wa miaka tisa, mwenye pumu, na mwanawe wa kiume ambaye ndiye mjomba wa mtoto. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka. "Baba," akaniambia, "wewe si ndiye wa madawa? Hebu msikilize huyu mdogo wako."

Mjomba akatoa simu. Alikuwa amepata muuzaji wa mtandaoni anayeuza salbutamoli ya unga, usafi wa asilimia 99, kwa gramu. Salbutamoli ndiyo dawa iliyomo ndani ya ile pampu ya bluu wanayovuta wenye pumu kifua kikibana. Shida ya mjomba ilikuwa moja tu: muuzaji hamuuzii mtu binafsi, anaiuzia maabara. Kwa hiyo mimi nilihitajika niwe mlango.

Hesabu alikuwa ameshaipiga. Kwenye pampu imeandikwa kila mvuto ni mikrogramu 100. Gramu moja basi ni mivuto 10,000, na pampu moja ina mivuto 200. "Kaka, gramu moja ni pampu hamsini. Tukichukua gramu tano, dogo anavuta mpaka anaoa." Tulicheka wote, hata bibi. Kisha nikaona yule bibi amenyamaza ananitazama, nikajua kwamba hawakuja kutania. Pampu walikuwa wameikosa kwenye zahanati ya karibu, na ya duka la dawa ilimaanisha kuacha kununua kitu kingine nyumbani.

Sitaki msomaji amdharau yule kijana. Hesabu yake ilikaribia ukweli. Unga wa maabara mara nyingi huwa ni salbutamoli salfeti, yaani salbutamoli iliyounganishwa na salfeti, na inahitajika mikrogramu 120 za salfeti kupata 100 za salbutamoli yenyewe, kwa hiyo gramu moja inatoa kama mivuto 8,300. Hapo tu ndipo alipokosea kwenye karatasi. Lakini mvuto haupimwi kwenye karatasi.

Mzani wetu ulio bora kuliko yote unakaa ndani ya kisanduku cha vioo, juu ya meza ya zege, na unasoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Mvuto mmoja wa pampu ndio hiyo sehemu ya kumi ya miligramu: ile tarakimu ya mwisho kabisa, inayochezacheza mtu akifungua mlango. Nyumbani mzani ungekuwa ncha ya kisu. Kwenye ncha ya kisu, bila kujitahidi, unabeba mivuto mamia.

Nalijua hilo kwa mwili wangu. Masika ya mwaka juzi nilikuwa napima unga huohuo bila barakoa, kosa langu mwenyewe, na feni ya juu ilikuwa imewashwa kwa sababu ya joto. Unga kidogo ukapeperuka usoni. Sikuuona hata kuuona. Muda si mrefu vidole vikaanza kutetemeka nikashindwa kufunga kifuniko cha chupa, na moyo ukawa unadunda kama wa mtu aliyepanda ghorofa nane mbio. Nilikaa kwenye stuli kwa muda wa karibu saa mbili. Nina kilo 82. Mjukuu wa jirani yangu sidhani kama anafika 25.

Huenda mtu akauliza, sasa nyie mnaununulia nini? Tunaununua kwa kuulizia maswali. Tunachukua pete ndogo ya koo la hewa la simbilisi, tunaining'iniza kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37 huku oksijeni ikipita, tunaipa histamini mpaka inajikaza, mstari kwenye mashine unapanda. Halafu tunadondosha salbutamoli. Mstari unashuka taratibu, na wanafunzi waliokuwa wanapiga soga wananyamaza, maana wameona kifua kikifunguka bila kifua kuwapo. Mimi kazi hii niliipendea hapo. Wenzetu wa maabara nyingine huutumia unga kama huo kuwa kipimo cha kulinganishia, wajue kama vidonge vilivyoko sokoni vina kile kilichoandikwa.

Kwa kazi hizo asilimia 99 inatosha sana. Ile moja iliyobaki, hakuna aliyeahidi ni kitu gani. Karatasi inayokuja na kopo inataja usafi na namba ya toleo. Haimhakikishii mtu kwamba hakuna vijidudu, wala haisemi chembe zina ukubwa gani. Na ukubwa ndio siri ya pampu. Chembe inayofika ndani kabisa ya mapafu ni ya mikroni moja hadi tano hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kubwa zaidi ya hapo hukwama mdomoni na kooni, ukaimeza. Kuukoroga unga kwenye maji yaliyochemshwa, kama mjomba alivyokusudia, hakuugeuzi kuwa dawa ya kuvuta.

Hata dawa iliyotoka kiwandani ikiwa na kipimo chake iliwahi kuleta msiba. Katika miaka ya 1960 kule Uingereza vifo vya vijana wenye pumu vilipanda, na lawama kubwa ikaangukia pampu za aina kali za isoprenalini, dawa ya pumu iliyotangulia salbutamoli, ambazo mvuto wake ulikuwa na nguvu mara tano ya zile za kawaida. Salbutamoli yenyewe ilizaliwa kipindi hichohicho, kwenye maabara za Allen & Hanburys, kampuni ya dawa ya hukohuko Uingereza, mjini Ware, chini ya mtafiti David Jack, ikaingia sokoni mwaka 1969. Ilipendwa kwa kuwa inafungua njia ya hewa bila kuushambulia moyo sana kama ile iliyoitangulia. Bila kuushambulia sana, ila kwa kipimo chake.

Sasa nirudi kwenye lawama yangu. Kiswahili chetu neno "dawa" kimelipa kazi nyingi mno. Kuna dawa ya mende, dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya nywele. Aliyezoea kusikia hivyo, ukimwambia "dawa ya maabara", anaelewa ni dawa kama nyingine, ila iko maabara. Nami nilikuwa natamka hivyohivyo, kwa fahari, kila mtu aliponiuliza. Onyo lipo kwenye kopo, ni kweli: mstari mmoja wa Kiingereza, herufi kama mchwa, unaosema ni kwa utafiti tu na si kwa matumizi ya binadamu. Bibi yule hata angelishika mkononi asingelisoma.

Ombi langu ni dogo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia kemikali, na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inasimamia dawa. Zikae pamoja zielekeze kwamba kopo lolote la maabara lenye kitu ambacho mitaani kinajulikana kuwa ni dawa lisiingie nchini bila lebo ya Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa amesimama. Na wewe Mhariri, waandishi wako wakiandika habari za maabara, wasaidie kutofautisha dawa na kemikali.

Yule mtoto, kwa wanaotaka kujua: nilimwomba avute pampu yake mbele yangu, ilikuwa imebaki mivuto michache. Alijipulizia ulimini, moshi ukatokea puani. Mimi si daktari, sikutaka kuendelea. Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda nao kituo cha afya. Muuguzi akatoa chupa ya maji ya nusu lita aliyoitoboa kitako, akachomeka pampu kwenye tundu na kuziba kwa gundi, mtoto akaweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kupumua polepole. Nikakumbuka kwamba madaktari wa watoto wa Cape Town walilichapisha jaribio la chupa hiyo mwaka 1999, na ikaonekana inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Daktari naye akamwandikia pampu ya pili, ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, kwa sababu ile ya bluu inafungua tu, uvimbe inauacha palepale. Mjomba aliuliza maswali mengi kuliko mimi.

Nilipofika kazini nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika kwenye kila kopo la rafu ile: KEMIKALI. SI DAWA YA MTU. Makopo 41. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Kwani nani asiyejua?" Nikamwambia mjomba wa jirani yangu ana stashahada ya uhasibu.

Fundi sanifu maabara,
Mbagala, Dar es Salaam