Mdudu kwenye msalaba

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Swali lako la juzi limenikaa kichwani: kati ya njia nne za kufafanua nafasi laini (mahali ambapo unaweza kutafuta kasi, mchapuko na vinavyofuata bila kikomo), za wanahisabati Chen, Souriau, Sikorski na Frölicher, ushike ipi?

Waache hao kwanza. Chora mihimili miwili, x na y. Msalaba huo si manifoldi (umbo ambalo karibu na kila nukta linafanana na mstari, bapa au nafasi ya vipimo zaidi), maana pale katikati hapafanani na mstari. Sasa, unaweza kuupata kwa njia mbili: kuukata kutoka kwenye bapa, au kuchukua mistari miwili na kuigandisha kwenye nukta moja. Je, ni kitu kimoja?

Sikorski huijua nafasi kwa fankisheni zinazotoka humo kwenda kwenye namba halisi. Kwake ni kitu kimoja. Ukiwa na f laini kwenye mhimili mmoja na g kwenye mwingine, zikakubaliana katikati, basi f(x) + g(y) − f(0) inazitandaza juu ya bapa zima. Hakuna fankisheni itakayokuonyesha tofauti.

Souriau, aliyeleta njia iitwayo difeolojia mwaka 1980, huangalia vinavyoingia: ploti, yaani ramani zinazohesabiwa kuwa laini, zinazoingia humo kutoka vipande visivyo na kingo vya mstari, bapa na kadhalika. Fikiria mdudu anayefuata mhimili wa x, umbali wake kutoka katikati ukiwa e^(−1/t²) na t ikielekea sifuri. Anapofika, kasi, mchapuko na vyote vinavyofuata ni sifuri. Hapo anageuka na kupanda mhimili wa y kwa mwendo uleule. Kwenye bapa safari hiyo ni laini, kona na yote! (Mimi mwenyewe nilibisha mpaka nilipokokotoa.) Kwenye mistari iliyogandishwa haikubaliki, kwa sababu kila kipande kifupi cha ploti lazima kitoke kwenye mstari mmoja tu. Kwa difeolojia, basi, hiyo ni misalaba miwili.

Chen yuko upande wa Souriau, ila ploti zake huanzia kwenye seti mbonyeo (ukiunganisha nukta zake mbili kwa mstari, mstari hautoki nje), kingo zikiwemo. Frölicher hukagua njia na fankisheni kwa pamoja, kila upande ukiamua mwingine, na kwa kuwa fankisheni ni zilezile, mdudu hupita kotekote.

Mimi nashika difeolojia. Gawanya R (mstari wa namba halisi) kwa Z + αZ, yaani hesabu nukta mbili kuwa moja zikitofautiana kwa m + nα, m na n zikiwa namba kamili na α ikiwa si namba ya kiuwiano: fankisheni laini zinazobaki ni zile zisizobadilika tu, na Sikorski haoni chochote. Souriau bado ana kitu mkononi. Lakini kama kazi yako yote ni milinganyo ya fankisheni, sitakulaumu ukienda kwa Sikorski.

Jaribu R iliyokunjwa kwa x → −x, uilinganishe na [0, ∞) iliyokatwa kutoka R. Niandikie ulichokiona.

Wako,
M.