Tope la mtoni linatoka shambani

Mhariri,

Kila masika yakianza, wasomaji hulalamika kwamba mito ya Nyeri na Murang'a imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na wengi hulaumu mvua. Mvua haina hatia. Nasema hivyo nikiwa La Crosse, jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako nahudumia wazee zamu ya usiku. Nikipata siku ya mapumziko, huwa mtoni navua samaki aina ya trauti.

Huku Aprili theluji imekwisha na majani yanachipua, ingawa maji bado yanauma miguu. Juzi nilikuwa Timber Coulee, kijito ambacho sehemu nyingi unakivuka bila kulowa kiuno. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Yapata saa nane mchana, vijidudu vya kijivu, mabawa yamesimama wima, vilianza kuibuka majini na trauti wakawa wanavidokoa kimoja kimoja. Hapo chambo cha mnyoo hakina kazi. Unafunga kindoano cha milimita chache kilichovishwa manyoya na uzi kifanane na mdudu yule, unakirusha mbele ya samaki, kisha unakiacha kiteremke na mkondo. Uzi ukikivuta hata kidogo tu, samaki ameshajua. Wa kwanza alikifuata, akakitazama, akageuka zake. Wa pili alikimeza. Nikamrudisha majini, maana kabla ya msimu wa Mei sheria ya hapa hairuhusu kumchukua. (Vindoano hivi vingi hufungwa kwetu Kenya na kuuzwa Ulaya na Marekani. Sidhani wengi wa wanaovifunga wamewahi kumvua trauti.)

Kilichonifanya nichukue kalamu ni kwamba baada ya mvua ile yote, niliweza kuhesabu kokoto chini ya maji.

Zamani haikuwa hivyo. Wakulima wa hapa walilima kufuata mteremko na kuwaachia ng'ombe msitu wa vilimani, udongo wa juu ukaporomoka hadi kufukia mabonde. Mwaka 1933 serikali ililichagua bonde la Coon Creek, ambalo kijito hiki ni tawi lake, liwe mradi wa kwanza wa nchi nzima wa kuhifadhi udongo katika bonde zima la mto. Vijana wasio na ajira wakaletwa kufanya kazi. Wakulima wakakubali kulima kwa kukingama mteremko, ukanda wa mahindi ukifuatwa na ukanda wa majani ya mifugo, na ng'ombe wakaondolewa kwenye miteremko mikali. Maji ya mvua yakaanza kuzama ardhini na kutokea chini kama chemchemi baridi, na trauti haishi bila maji baridi. Wataalamu wa samaki walikuja baadaye sana, wakapachika masanduku ya mbao chini ya kingo ili samaki wapate maficho. Si kwamba mambo yote ni shwari: mafuriko ya Agosti 2018 yalipasua baadhi ya mabwawa ya bonde hili.

Mimi ni mzaliwa wa Othaya. Trauti wa mto Gura waliletwa na walowezi mwaka 1905, na ndani ya msitu wa Aberdare maji yale bado ni maangavu. Shida inaanza mashambani. Mikaratusi imepandwa hadi ukingoni kabisa mwa mto, nduma zimeingia majini kabisa, ilhali kanuni zinataka kuachwe mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni.

Nitaambiwa mashamba yetu ni vipande vya ekari moja, hatuna nafasi ya kuacha. Basi waulizeni watu wa Machakos. Walichimba matuta ya fanya juu, yaani udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu wa mteremko, kwenye vishamba vyao vidogo, miteremko iliyokuwa imekwisha ikarudi kuzaa mahindi. Huo ujuzi ni wetu, hatuhitaji mtaalamu wa kutoka huku niliko.

Ombi langu: mvua ikinyesha, tumeni mpiga picha Gura. Apige picha moja pale msitu unapoishia na nyingine kilomita chache chini, mzichapishe ukurasa mmoja. Halafu mwandishi wenu amuulize afisa wa kilimo wa eneo hilo ni lini mara ya mwisho alitembea ukingoni mwa mto akiwa na futi ya kupimia.

Mzaliwa wa Othaya,
La Crosse, Wisconsin