Mtunza kompyuta naye akaguliwe

Mhariri,

Siku hizi hata zahanati ndogo na sacco za mashinani zimekabidhi kompyuta zao kwa kampuni za nje zinazozisimamia kutoka mbali kwa malipo ya kila mwezi. Siupingi mpango huo. Ni nafuu kuliko kuajiri mafundi. Ila kampuni hizo hushika funguo za wateja wengi kwa pamoja, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo vyema.

Julai 2021 wadukuzi wa REvil walipenya kupitia programu ya Kaseya, inayotumiwa na kampuni za aina hii, wakafunga data za biashara zinazokadiriwa kufikia 1,500. Kule Uswidi, maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa kuwa mashine za malipo zilikwama. Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Aliyekuwa mteja ni mtoa huduma wake!

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa taasisi inayodhibiti data za watu, kama sacco, saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data kuhusu uvujaji. Kamishna aanze na sacco: akague mikataba yao, na aulize nakala za akiba zinawekwa wapi na zilijaribiwa lini.

Mwanachama wa sacco,
Nakuru