Risala ya Kikundi cha Wanawake Watayarishaji wa Filamu, Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bi. Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote, tunakukaribisha kwa mikono miwili katika hafla hii ya kufunga mafunzo yetu. Tunajua ratiba yako imejaa, na kukubali kwako kuketi nasi mpaka filamu ya mwisho ni heshima kubwa kwetu. Karibu sana.

Historia yetu ni fupi. Tulianza tukiwa wachache: fundi cherehani, walimu wa chekechea, muuza samaki na wasichana waliokuwa wamemaliza shule wakakosa la kufanya. Leo tuna cheti cha usajili, tuna akaunti ya benki, na filamu yetu kuhusu wanawake wauza samaki wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, ilijaza ukumbi wa kanisa hadi watu wakachungulia dirishani. Tunathubutu kusema hayo si mafanikio madogo kwa kikundi cha kina mama. Wasichana tuliowafunza uhariri sasa wanaitwa kurekodi harusi na matanga hadi Siaya na Vihiga, na kodi ya nyumba wanajilipia wenyewe.

Mheshimiwa, mafunzo tunayofunga leo yalihusu kazi ya mtayarishaji, yule ambaye jina lake husomwa upesi ilhali ndiye aliyeibeba filamu. Mwelekezi husema anataka nini. Mtayarishaji hutafuta pesa, huomba leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hulisha waigizaji, hulipa mafundi, kisha huzunguka na filamu akiitafutia watazamaji. Wanawake wa Kenya wamelifanya hili. Njeri Karago alitayarisha filamu ambayo Judy Kibinge aliielekeza mwaka 2002, na Judy mwenyewe baadaye akaanzisha mfuko wa kusaidia filamu za hali halisi Afrika Mashariki. Lupita Nyong'o, kabla ya tuzo yake ya uigizaji ya Oscar ya 2014, alitengeneza filamu kuhusu Wakenya wenye ualbino. Lakini tuliyemsoma kwa kina ni Toni Kamau. Ni mmoja wa watayarishaji wa Softie, filamu inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi hadi kwenye uchaguzi wa 2017, iliyorekodiwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance, Marekani, na mwaka huohuo Toni akaalikwa kujiunga na Akademia inayotoa Oscar. Miaka yote hiyo ya kurekodi, lazima mtu awe anatafuta pesa za mwezi unaofuata. Wanachama wetu walipoyasoma hayo walinyamaza, kisha mmoja akauliza swali lililozaa risala hii: sisi tutaanzia wapi, na hata sauti hatuwezi kuinasa?

Hapo ndipo penye shida yetu, Mheshimiwa, na tunakuomba utuvumilie tuieleze.

Picha tunaweza. Simu za siku hizi zinapiga picha nzuri, na jua la Kisumu halina bili. Sauti ndiyo inayotuua. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, lakini asiposikia maneno huinuka akaenda zake. Mchana upepo hutoka Ziwani kuelekea nchi kavu na kugonga maikrofoni moja kwa moja. Ukikimbilia mtaani Kondele, bodaboda hazikupi hata sentensi moja safi. Maikrofoni tuliyo nayo tumeifunga kwa selotepu kwenye mpini wa ufagio, na waya wake ukiguswa hukwaruza.

Katika ile filamu ya Dunga, mama mmoja alikubali kueleza habari za jaboya, jinsi mwanamke anavyodaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki. Alizungumza mara moja tu, mgongo ukiwa kwa kamera, mikono yake ikipanga omena kwenye wavu. Tuliposikiliza jioni, upepo ulikuwa umemeza karibu yote. Hatukuwa na uso wa kumrudia na kumwambia aseme tena. Sehemu hiyo haimo katika filamu mliyoiona leo, na ndiyo iliyokuwa sababu ya kuitengeneza.

Vifaa vya kukodisha vipo Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Hukodishwa kwa siku, na siku ya kuja na ya kurudi kwa basi nazo huhesabiwa. Tukitaka siku moja ya kazi tunalipia tatu, na dhamana juu yake.

Mheshimiwa, tunasema haya kwa heshima zote: ombi hili si geni. Mgeni aliyesimama hapa mwaka juzi alitamka kwamba vifaa vya sauti vingefika kabla ya Krismasi. Tulipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Baadaye tuliandika barua, tukaambiwa faili iko mezani. Tulipofuatilia, tukaambiwa tungoje bajeti ya nyongeza. Juni 30 ikapita, mwaka wa fedha ukafungwa, tukaambiwa tungoje mwingine. Chumba tulichoonyeshwa kuwa cha kuhifadhia vifaa hivyo sasa kimejaa viti vya plastiki. Hatumlaumu mtu. Tunachosema ni kwamba makofi tumeshayatoa.

Kwa hiyo tunaomba vifaa vya sauti vya umma, vikae hapa Kisumu, viazimwe na kikundi chochote kwa daftari na sahihi: maikrofoni mbili za mlingoti zenye manyoya ya kuzuia upepo, maikrofoni nne ndogo za kubana kwenye nguo, rekoda moja, vipokea sauti vya masikioni, na chumba chenye kufuli. Orodha yenye bei za maduka matatu imo ndani ya bahasha hii.

Tunaomba pia jambo hili liandikwe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Tungependa kuliona fungu letu la fedha humo, na tutakuja kwenye kikao cha maoni ya umma kulitafuta kwa macho yetu. Utakapoinuka kuzungumza, Mheshimiwa, tafadhali tutajie afisa atakayelishika faili hili, naye asimame tumwone.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Imeandaliwa na kamati na kusomwa na katibu wa kikundi.